Nani anaamua mtumbwi ukizama?

Dada mshauri,

Sijui kama nikuamkie au nisubiri kuamkiwa, maana safu yako haina hata picha ya kunisaidia kukisia umri. Basi pokea salamu za Mwanza. Naandika dukani baada ya kufunga hesabu. Nauza vipuri vya injini za mitumbwi huku Kirumba, jirani na soko la samaki la Mwaloni, na umri wangu ni hamsini na kidogo.

Shida yangu wengine wataicheka, lakini wewe unaandika habari za gemu za mezani, kwa hiyo najua utanielewa. Mwaka 1991 nikiwa shule ya bweni, mwalimu wetu wa hesabu, mgeni aliyekuja kujitolea, alituachia boksi jekundu la Dungeons & Dragons (D&D), lile la 1983, gemu ya kusimulia hadithi ambamo kila mchezaji ana mhusika wake. Ndani mlikuwa na vitabu, dadu za maumbo ambayo hatukuwahi kuyaona, na kalamu ya nta ya kupaka kwenye namba za dadu ili zisomeke. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nasoma Kiingereza haraka kuliko wenzangu, nikawa msimamizi wa hadithi, yaani DM (Dungeon Master), anayeijua dunia na kuamua yanayowapata wahusika, na hicho cheo sijakivua mpaka leo. Tulikuwa wanne, Jumamosi jioni, nyuma ya duka. Dunia yetu ina visiwa, ina falme, ina majini wa ziwani, na ina mganga mmoja ambaye kila mhusika ana deni lake. Yote nimeyaandika kwenye kaunta buku, zimejaa kreti nzima ya soda. Dadu ya pande ishirini imelika kona, ukiirusha haitaki kusimama.

Sasa meza imepungua. Mmoja alihamia Dodoma na ofisi yake. Mwingine ana wajukuu, Jumamosi yake si yake tena. Nimebaki na fundi wangu wa injini, na hadithi ya DM mmoja na mchezaji mmoja inachosha. Anapigana peke yake, anafungua milango peke yake, akifa tunatazamana.

Mpwa wangu anasoma chuo kikuu cha SAUT pale Malimbe na ana kundi lake la gemu. Wakaniita: "Mjomba, njoo tucheze." Nikaenda na boksi langu kwapani. Halikufunguliwa. Walitandaza karatasi kubwa tupu na karata hizi hizi za kuchezea lasti kadi, wakasema gemu inaitwa The Quiet Year. Hakuna DM. Hakuna mhusika wangu. Dadu zipo lakini hazirushwi, zinawekwa juu ya ramani kuhesabia wiki! Kikachorwa kisiwa, ukachorwa mtumbwi umebeba wagonjwa, mawimbi yanapanda. Nikauliza, "Sasa nani anaamua mtumbwi ukizama?" Binti mmoja akanijibu kwa adabu kabisa, "Ni wewe mjomba, zamu ni yako." Nikakaa kimya mpaka wakanihurumia, wakaruka zamu yangu. Pia katikati ya meza palikuwa na kadi yenye alama ya X ambayo hakuna aliyeigusa mpaka tunaondoka, na mimi nikaona haya kuuliza ni ya nini.

Nilipomsimulia fundi, akasema huo ni mchezo wa baba na mama, hakuna anayeshinda wala anayeshindwa. Nikacheka naye. Lakini moyoni sikucheka, kwa sababu wale vijana walikuwa wanagombea kalamu ya kuchorea, na kwenye meza yangu ni siku nyingi hakuna aliyegombea kitu.

Naomba unisaidie. Hizi gemu za watunzi huru, kama hiyo ya vijana, ni gemu kweli, au ni mazungumzo yaliyowekewa karatasi? Kama ni gemu, mtu wa zamani kama mimi aanzie wapi bila kutupa hela kwenye vitabu vya kukaa kabatini? Na zile kaunta buku, mpwa wangu anaziomba akazisome na wenzake. Nimpe?

Ni mimi,
DM wa Kirumba

*

Kaka DM, acha kusubiri, mdogo ni mimi. Shikamoo.

Nianze na huyo mpwa, maana kesi ni yake. Amekutupa kilindini siku ya kwanza. The Quiet Year, ambayo Avery Alder aliitoa mwaka 2013, ni gemu ninayoipenda, lakini kwa mtu ambaye hajashuka kwenye kiti cha DM tangu 1991 ni mahali pabaya pa kuanzia. Hebu itazame ilivyoundwa. Karata 52, kila moja ni wiki, kila aina ni msimu: unaanza na kopa, unamalizia na shupaza ambayo ni majira ya baridi. Unafunua karata, inakuambia jambo fulani limetokea kijijini, unalijibu na kulichora. Kisha una tendo moja tu: uanzishe mradi, ugundue kitu kipya, au uitishe mkutano. Mkutano wenyewe ni wa ajabu, kila mtu anasema sentensi moja au mbili, basi. Hakuna kujibizana, hakuna azimio. Ukiona umedharauliwa hulalamiki, unachukua kokoto la dharau unaliweka mbele yako wenzako walione. Na siku mfalme wa shupaza anapofunuliwa, gemu imekwisha hapo hapo, hata kama ghala halijajaa na kisima bado wiki moja.

Kwa hiyo hukuwa na mhusika wa kujificha nyuma yake, hukuwa na dadu ya kusukumia lawama, na hapakuwa na ukweli uliofichwa kwenye daftari la mtu yeyote. Wewe ulivitafuta hivyo vitatu mezani, ukavikosa vyote kwa mpigo. Usiseme ni uzee. Nimeona kijana wa miaka ishirini na mbili, DM hodari wa toleo la tano la D&D, akiganda vile vile.

Sasa lile swali lako la mtumbwi. Hapo ndipo penye mpaka kati ya gemu zako na zao. Kwenye boksi jekundu jibu liko wazi, DM anajua, na asipojua ana jedwali. Umeshaandika kwenye kaunta buku kwamba nyuma ya mwamba kuna mamba wa kichawi, unakaa na siri yako wiki nzima ukiuza plagi na mapanga ya injini, na Jumamosi unazitazama nyuso za watu wanavyousogelea ule mwamba. Raha ya DM ni kutunza siri. Kwenye gemu nyingi za watunzi huru hakuna mwenye siri, raha inatoka kwenye kutojua kwa pamoja. Aliyezoea raha ya kwanza akiletewa ya pili ghafla ataona amenyang'anywa kitu, na kweli amenyang'anywa. Hicho ndicho unachopaswa kujifunza, kaka. Sheria hazitakusumbua. Wewe uliyemudu majedwali ya Gary Gygax, mmoja wa waanzilishi wa D&D, kwa Kiingereza ukiwa bweni, hizi utazimaliza kabla chai haijapoa.

Na fundi wako mwulize hivi: kwenye boksi jekundu, tangu 1991, nani ameshinda? Huwa hakuna mshindi. Mnacheza tu, mnakusanya dhahabu ya uongo, mnakufa, mnarudi Jumamosi nyingine. Halafu nyie watu wa Mwanza ndio wa mwisho kusema mchezo usio na mwamuzi si mchezo. Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma, wanapopambana baada ya mavuno, kila upande na uwanja wake, refa wa filimbi yuko wapi? Wanatafuta dawa, wanatunga nyimbo za kuwakejeli wapinzani, wanaleta mpaka chatu, na mwisho wa yote anayevuta watu wengi upande wake ndiye aliyeshinda. Nenda kwenye makumbusho ya Wasukuma pale Bujora wakati wa Bulabo, ile sikukuu ya ngoma, ukajikumbushe. Kwenye meza ya mpwa wako watu waligombea kalamu. Matokeo yalishatangazwa.

Tuje kwenye wapi pa kuanzia. Ungenifuata mimi kwanza ningekupa Cairn ya Yochai Gal. Ilitoka 2020, faili lake ni la bure, kurasa zake chache, na damu yake ni ya zamani kama yako: mapango, mitego, misitu yenye laana, DM mwenye siri zake. Tofauti iko kwenye mwendo. Kwako mtu anarusha dadu ya ishirini aone kama upanga umempata adui, akikosa anakaa anasubiri. Kwenye Cairn upanga unampata tu. Unarusha dadu ya silaha moja kwa moja, kinga ya mtu ikiisha madhara yanaanza kula nguvu za mwili wake, na hapo kila pigo linaweza kuwa la mwisho. Utaona watu wanaanza kukwepa vita na kutafuta akili nyingine. Mzigo una nafasi kumi, ukizijaza zote kinga yako inashuka hadi sifuri. Nakisia fundi wako ana mhusika anayetembea na ngazi, kamba, mapipa mawili ya mafuta na nyundo. Atalia. Muache alie, ni sehemu ya gemu. Levo hazipo, mtu anabadilika kwa yale yaliyompata.

Cairn imejengwa juu ya Into the Odd ya Chris McDowall na Knave ya Ben Milton, na hizo mbili ukizipata zisome, ila huhitaji zote tatu mezani. Old-School Essentials ya Gavin Norman, ya 2019, inasifiwa sana na ni kazi safi, lakini ni sheria za D&D ya 1981 zilizopangwa upya vizuri. Wewe una ndugu yake wa tumbo moja ndani ya boksi. Usinunue ulichonacho.

Kuna jambo la leseni ambalo watu hulipita. Cairn imetolewa chini ya leseni inayoruhusu mtu kuitafsiri, kuibadilisha na kuigawa, mradi umtaje mtunzi na toleo lako nalo uliachie hivyo hivyo. Maana yake wewe na mpwa wako mnaweza kuiweka kwa Kiswahili, mkaichapa steshenari, na fundi akasoma sheria mwenyewe badala ya kukutegemea wewe umwambie kitabu kinasemaje. Tangu 1991 wachezaji wako hawajui sheria, wanajua unavyowaambia. Sisemi umewadanganya, ila na wao siku moja wakisome wenyewe.

Mausritter ya Isaac Williams ni ya ukoo huo huo, ila wahusika ni panya wadogo wenye panga za sindano. Vifaa ni vikadi unavyovikata kwa mkasi na kuvipanga kwenye karatasi ya mhusika. Kama wale wajukuu wanaomzuia rafiki yako Jumamosi wamefika umri wa kushika mkasi, waalike waje naye.

Ukishazoea hapo, piga hatua ambayo itakuuma kidogo. Apocalypse World ya Vincent Baker ilitoka 2010 na imezaa ukoo mkubwa wa gemu. Kitabu chenyewe ni cha watu wazima, kina ukatili na mambo ya chumbani, kwa hiyo kama meza ina wanafunzi wa sekondari tumia mtoto wake Dungeon World, ya 2012, yenye mazimwi na mapango uliyoyazoea. Nikuoneshe kwa mtumbwi wako.

Tuseme fundi na wenzake wanatoka kisiwa cha Kome usiku, wamebeba magunia ya dagaa yasiyo na kibali, injini inakohoa na upepo umegeuka. Kwenye boksi lako ungepanga namba, mtu anarusha, anafika au anazama. Hapa anarusha dadu mbili za kawaida, hata za Ludo, anajumlisha na alama ya mhusika wake. Akipata kumi na kuendelea, wamefika. Akipata sita kushuka chini, DM ana ruhusa ya kuwafanyia ubaya. Utamu uko kwenye saba mpaka tisa. Fundi amepata nane. Unamgeukia unamwambia: "Mtafika. Ila chagua, nusu ya magunia yaende majini mtumbwi uwe mwepesi, au uwashe tochi uitazame injini na boti ya doria iwaone." Halafu unanyamaza. Mtazame usoni. Kuzama au kutozama si swali tena, swali ni yuko tayari kupoteza nini, na jibu liko kwake yeye. Wewe DM dadu huzigusi kabisa, usiku mzima. Kitabu kinakukataza hata kupanga hadithi mapema: unacheza ili na wewe ujue itakuwaje.

Kwa DM wa zamani hiyo ni dawa chungu, lakini inamezeka kwa sababu bado una kiti chako. Umegawa siri nusu tu.

Blades in the Dark ya John Harper, 2017, nitaigusa kwa sababu moja. Unajua lile saa zima ambalo wachezaji wanasimama mbele ya mlango wanajadili nani atangulie? Huku halipo. Ni genge la wezi, mnataja aina ya mpango na jambo moja tu, mnaingia kazini. Mkikuta mlinzi ambaye hamkumtarajia, mchezaji anaruhusiwa kurudi nyuma kidogo kwenye hadithi na kuonesha kwamba jana yake alishamhonga. Unalipia, bila shaka. Mwanzoni utasema huo ni udanganyifu. Cheza halafu uniandikie tena.

Sasa gemu ambayo ningependa kuiona Kirumba ni Fiasco ya Jason Morningstar, ya 2009. Watu watatu mpaka watano, hakuna DM, saa mbili tatu mmemaliza. Ni hadithi za watu wenye tamaa kubwa na breki mbovu, mambo yanavyowaharibikia. Zamu yako ikifika unachagua moja: ama wewe upange tukio, nani yuko wapi na anataka nini, na wenzako waamue litaisha vizuri au vibaya, ama wao wapange na wewe uamue litakavyoisha. Huwezi kufanya yote mawili. Kwa mtu aliyezoea kushika vyote viwili, kupanga na kuhukumu, sijui zoezi lingine linalomfundisha haraka namna hii.

Uzuri wake ni kwamba inaendeshwa na orodha za mahusiano, mahitaji, mahali na vitu, na kila orodha ina makundi sita yenye mambo sita sita, yanachaguliwa kwa dadu. Orodha hizo mnaweza kuandika wenyewe. Hebu fikiria ya Mwaloni. Uhusiano: mwenye mtumbwi na nahodha anayejua alichofanya. Shemeji wawili wanaodai kiwanja kimoja Buswelu. Hitaji: kuondoka kabla bosi hajahesabu mabondo ya sangara. Mahali: ndani ya gari la barafu, mlango umejifunga. Kitu: simu ya marehemu, bado inaita. Wewe unakaa na hao watu kila siku, unasikia kesi zao wakija kununua plagi. Mwanafunzi wa Malimbe hawezi kuandika orodha hiyo peke yake, na wewe peke yako hutaimaliza. Muitane.

Usiku ule mko wawili na fundi, chezeni Ironsworn ya Shawn Tomkin. Ya 2018, bure, na inachezeka na DM, bila DM, au mtu mmoja peke yake. Wahusika wanaapa viapo kwa chuma na kuhangaika kuvitimiza. Dadu moja ya pande sita unaijumlisha na uwezo wako, unaipambanisha na dadu mbili za pande kumi: ukizipita zote umefanikiwa, ukiipita moja umefanikiwa kwa gharama, ukikosa zote umeumia. Dadu ya pande kumi ya pili kama huna, rusha ile ile mara mbili. Nimeiweka hapa kwa sababu ambayo hukuiandika kwenye barua lakini nimeiona: hujawahi kuwa mchezaji. Tangu bweni. Umewapa wenzako mashujaa miaka yote hiyo na wewe hujawahi kuwa na shujaa wako mmoja akaogopa kuingia pangoni. Tengeneza mhusika, kaka. Mpe jina. Aape kitu.

Kadi ya X. Ilibuniwa na John Stavropoulos na matumizi yake ni mepesi: mtu yeyote akiigusa, jambo lililokuwa linasimuliwa linaondolewa, mnaendelea na lingine, na haulizwi kwa nini. Kutoguswa mpaka mwisho si dalili kwamba haina kazi. Huku kwenu ningeiweka hata kwenye meza ya boksi jekundu. Mnacheza kando ya ziwa ambalo lilichukua watu wa MV Bukoba Mei 1996 na wa MV Nyerere Septemba 2018 pale Ukara. Yule binti alipokuachia wewe uamue mtumbwi wenye wagonjwa, huenda mezani palikuwa na mtu asiyetaka kusikia jibu. Na huenda wewe mwenyewe ulinyamaza kwa sababu hiyo hiyo, sijui, si lazima uniambie. Kadi ipo ili usilazimike kumwambia mtu.

Hela. Nimekutajia za bure makusudi. Kwenye tovuti ya itch.io watunzi wengi huacha nakala za bure kwa wasioweza kulipa, zichukue bila aibu, ndiyo kazi yake. Zipo pia za ukurasa mmoja. Lasers & Feelings ya huyo huyo John Harper, ya 2013, inampa mhusika namba moja tu, kati ya 2 na 5. Ukitumia akili na mitambo, dadu iangukie chini ya namba yako. Ukitumia moyo na maneno, iangukie juu yake. Mhusika mzima ni huo, na nimeona jioni nzima ikipita watu wanacheka. Ila nikuonye, zipo gemu nyingi za namna hii zilizoandikwa zisomwe kuliko kuchezwa. Ukurasa unapendeza, wazo linakuliza, mkikaa mezani nusu saa hamjui mfanye nini. Kabla ya kuchapa, jiulize mchezaji akifika zamu yake anafanya nini hasa. Kama karatasi haijibu, achana nayo.

Jumamosi hii usiende Malimbe. Mwite mpwa wako aje dukani na wenzake wawili, wewe na fundi mkae wachezaji, na yeye aendeshe Cairn. Asiijue dunia yako, awe na pango lake. Utaona anakosea kusoma umbali, anasahau mwenge umezimika. Usimsahihishe. Akikuuliza, mjibu, asipouliza, mhusika wako ana kazi zake. Jumamosi inayofuata leta wazo la Fiasco ya Mwaloni, mwandike orodha huku mnakula sato, msicheze siku hiyo. The Quiet Year rudi nayo baadaye ukiwa umeizoea hali ya kutojua, na safari hii mchore kisiwa kimoja kutoka kwenye kaunta buku zako, karne mbili kabla ya mashujaa wenu kuzaliwa. Hata wewe hujui kilikuwaje wakati huo, kwa hiyo hutakuwa na siri ya kulinda.

Kaunta buku zenyewe, mpe, lakini si za asili. Mpe kopi. Anza na ile yenye ramani, uwaambie steshenari waitoe kwenye A3 maana A4 itakata visiwa vya pembeni, na kurasa za yule mganga na madeni yake uzibakize kwako mpaka vijana wenyewe wamkute.